Novotná hakumlilia Malkia

Kichwa cha habari kilikuwa na maneno matatu: NOVOTNA AMLILIA MALKIA. Nilikiandika mimi mwenyewe jioni ya Jumamosi, Julai 3, 1993, na kipande hicho cha gazeti ninacho hadi leo, kwenye faili la kijani linalokaa pamoja na hati ya kiwanja. Kesho yake asubuhi simu ya chumba cha habari iliita. Aliyekuwapo ni mlinzi peke yake. Msomaji mmoja wa Magomeni alitaka kujua Malkia wa Uingereza amefariki lini, na kwa nini msiba mzito kama huo umewekwa ukurasa wa michezo.

Msomaji yule hakukosea. Kwa Kiswahili cha majumbani, ukimlilia mtu, ama unamwomba jambo kwa uchungu ama umeshamzika. Mimi nilitaka kusema kwamba mchezaji alilia mbele ya mtu wa ukoo wa kifalme, lakini nafasi ilikuwa finyu na herufi zilikuwa kubwa, nikabana. Na huyo Malkia wala hakuwa Malkia. Mama aliyempa bega Jana Novotná siku ile ni Katharine, mke wa Duke wa Kent. Mumewe ni binamu wa Malkia Elizabeth, na ndiye aliyekuwa rais wa klabu inayoandaa mashindano ya Wimbledon. Kukabidhi zawadi kwenye fainali ya wanawake ilikuwa kazi ya mama huyo kwa miaka mingi. Kwa hiyo kati ya maneno yangu matatu, mawili yalikuwa mabovu. Lililobaki nalo lina kasoro yake, nitalirudia.

Septemba 2025 mama yule alifariki akiwa na miaka 92, na picha ikafufuka: mwanamke mrefu mwenye nguo nyeupe za tenisi ameinamisha kichwa begani kwa mama mwenye lulu shingoni. Kijana mmoja niliyemfundisha kazi, ambaye sasa ni mhariri, akanitumia kwa WhatsApp. "Shikamoo mzee. Huyu anayelia ni nani? Nataka kuiweka." Nikamwitikia, nikamweleza. Akauliza tena: "Kumbe huyu ndiye yule aliyeshindwa?"

Swali lake limekaa nami tangu siku hiyo. Kijana alikuwa hajazaliwa mwaka 1993. Hakuwahi kumwona Novotná akicheza, hajui alitoka wapi wala alimaliza vipi. Alichorithi ni kitu kimoja tu, kwamba ndiye yule aliyeshindwa, na najua amekirithi kwa nani.

Wasomaji wa umri wake wanivumilie nieleze hali ilivyokuwa. Mwaka 1993 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Sisi wa Dar es Salaam tulisubiri hadi 1994. Wimbledon ilitufikia kwa redio na kwa mashine ya teleksi iliyokaa pembeni karibu na mtungi wa maji, ikigonga kama cherehani ya fundi mwenye haraka ya sikukuu. Fainali ilianza saa 10 jioni kwa saa zetu. Ilipofika saa 1 usiku nilikuwa na karatasi mkononi yenye aya tano: Steffi Graf wa Ujerumani amemshinda Jana Novotná wa Jamhuri ya Cheki 7-6, 1-6, 6-4, Novotná aliongoza 4-1 katika seti ya tatu, alilia wakati wa kupokea sinia la mshindi wa pili. Mechi moja ya ligi ilikuwa imeahirishwa na kuniachia nusu ukurasa mtupu, na kurasa zilitakiwa kiwandani saa 3.

Nikaujaza. Aya tano zikawa kumi na nne. Niliandika kwamba ushindi ulikuwa mkononi mwake akauacha uanguke, na kwamba "moyo wa kike ulimponza". Sentensi hiyo haikuwa kwenye teleksi. Ilitoka kichwani kwangu, kwangu mimi ambaye sikuwa nimeona hata mpira mmoja ukipigwa.

Mechi yenyewe niliiona Novemba 2017, miaka 24 baadaye. Novotná alifariki tarehe 19 ya mwezi huo kwa saratani, akiwa na miaka 49. Binti yangu, anayelijua faili la kijani na hadithi yake, akanifungulia fainali ile kwenye kompyuta yake, akaniwekea chai, akaniambia, "Haya baba, tazama ulichokiandika."

Seti ya kwanza Graf aliichukua kwa shida, 7-6. Baada ya hapo nikaona kitu ambacho aya zangu 14 hazikukitaja. Novotná alishinda gemu 10 kati ya 12 zilizofuata. Na aliyekuwa ng'ambo ya wavu ni nambari moja wa dunia, aliyekwisha kuchukua taji la Wimbledon mara nne. Ili afike hapo, Novotná alikuwa amemtoa Gabriela Sabatini kwenye robo fainali, na kwenye nusu fainali akamtoa Martina Navratilova, mwanamke aliyeshinda Wimbledon mara tisa. Nilikuwa nimemwandika kama mtu aliyeokota ushindi njiani akauangusha, kumbe alikuwa ameuvunja mlima jiwe kwa jiwe.

Kisha ikaja 4-1, pointi zikiwa 40-30, yeye ndiye anayeanzisha. Pointi moja tu na ingekuwa 5-1. Mpira wa kwanza ulikosa. Wa pili ukatoka nje. Binti yangu akasema, "Ndiyo hapo." Ndipo hapo kweli. Ukafuata mpira wa hewani alioukosa, kisha smashi iliyoishia wavuni, na gemu ikaenda kwa Graf. Kuanzia hapo Graf hakupoteza gemu nyingine. Alishinda tano mfululizo.

Mkono wa Novotná ulikuwa umekufa ganzi, sikatai. Uso ulionyesha. Lakini nimecheza tenisi kidogo ujanani, tena vibaya, na najua mchezaji aliyeingiwa na woga hufanya nini. Hurudi nyuma. Husimama kwenye mstari wa mwisho, hurudisha mpira polepole katikati ya uwanja na kuomba Mungu mwenzake akosee. Novotná hakufanya hivyo. Alianzisha mpira na kuufuata mbio hadi wavuni, akakosa, akaufuata tena, akapigwa pembeni, akaufuata tena. Alishindwa kwa njia ileile iliyomfikisha 4-1.

Hapa lazima nieleze uchezaji wake, maana ndio ufunguo wa hadithi yote na ndio ambao hatukuwahi kuuandika. Alizaliwa Brno, Oktoba 2, 1968, wakati nchi bado ikiitwa Chekoslovakia. Ilipogawanyika Januari 1, 1993, akajikuta anaiwakilisha nchi ya miezi sita kwenye fainali ile. Kuanzia 1990 kocha wake alikuwa Hana Mandlíková, raia mwenzake wa zamani, mshindi wa mataji manne makubwa ambaye Wimbledon ilimnyima: alifika fainali 1981 na 1986, akashindwa zote mbili. Mandlíková alimfundisha kushambulia. Unaanzisha, unakimbilia wavuni, unaukata mpira hewani kabla haujagusa nyasi. Ukipatia, pointi imekwisha kwa sekunde tatu. Ukichelewa nusu hatua, mpira unakupita ubavuni na watu elfu kumi na kitu wanaona ulivyoachwa. Anayecheza nyuma makosa yake hufichika ndani ya mapigo ishirini. Anayepanda wavuni kila kosa lake linasimama peke yake, uchi.

Mtu wa namna hiyo siku akiporomoka, huporomoka hadharani. Tukaiita tabia yake, kumbe ilikuwa hesabu ya mchezo aliouchagua.

Sasa nije kwenye ushahidi unaoniumiza, maana kuna msomaji mjuzi ambaye ameshaanza kutikisa kichwa. Paris, 1995, raundi ya tatu ya mashindano ya Ufaransa. Novotná dhidi ya Chanda Rubin, kijana wa Marekani. Seti ya tatu Novotná anaongoza 5-0, pointi 40-0. Alipata nafasi tisa za kumaliza mechi. Tisa! Akashindwa 8-6. Hilo sina namna ya kulipamba. Nilikuwa bado dawatini, na kichwa changu cha habari siku ile kilikuwa na maneno mawili: NOVOTNA TENA. Wenzangu walicheka. Ningekuwa na miaka ileile leo, labda ningekiandika tena, kwa sababu ni kichwa kizuri. Hapo ndipo ugonjwa wa kazi yetu ulipo: kichwa kizuri hakihitaji kuwa na haki.

Lakini mtazame mtu yuleyule, miaka miwili baada ya Paris. Novemba 1997, New York, mashindano ya kufunga mwaka, ambayo huchezwa na wale waliofanya vizuri zaidi tu. Miaka hiyo fainali ya wanawake ya mashindano hayo ilikuwa ya seti tano, kama ya wanaume, yaani nafasi ya moyo kuponza ilikuwa ndefu mara mbili. Novotná alimfunga Mary Pierce 7-6, 6-2, 6-3, akamaliza kazi bila kuhitaji seti ya nne. Nimepekua faili la kijani. Sina kipande cha habari hiyo. Hatukuiandika.

Nikumbushe jambo la nyumbani, maana nalo ni la mwaka 1993. Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ilitoka sare ya 0-0 kule Abidjan dhidi ya Stella, na ikabaki mechi moja, hapa kwetu, Uwanja wa Taifa, mji mzima umeshajipaka rangi nyekundu. Ikafungwa 2-0. Nilikuwapo. Niliona wanaume wazima wamekaa kwenye ngazi za jukwaa hawajui wapande basi gani. Nikaenda kuandika, na nikatafuta sababu kila mahali: uchovu, mpangilio wa timu, presha ya mashabiki, viongozi kuingilia kambi, hata mambo ya hirizi niliyagusa kwa mbali. Sikuandika kwamba moyo uliwaponza. Wanaume 11 walipoteza fainali nyumbani kwao, mbele ya watu wao, nami nikawatafutia maelezo. Mwanamke mmoja alipoteza fainali ugenini mbele ya mchezaji bora wa dunia, maelezo yakawa ni jinsia yake.

Na machozi? Januari 1995 Pete Sampras alilia uwanjani Melbourne, mechi ikiendelea, akicheza na Jim Courier. Kocha wake, Tim Gullikson, alikuwa mgonjwa sana. Sampras alianzisha mipira huku anajifuta macho, akashinda baada ya kuwa nyuma kwa seti mbili. Dunia ilimpenda kwa hilo, nami niliandika aya nzuri kuhusu utu wa mabingwa. Roger Federer alilia mwaka 2009, palepale Melbourne, baada ya kufungwa na Rafael Nadal, hata maneno yakamkwama kwenye kipaza sauti. Hakuna aliyemwita mtu wa moyo mwepesi. Tulisema anaupenda mchezo.

Tufike kwenye jambo ambalo ningetaka kijana wangu wa WhatsApp alijue kuliko yote. Hapa nitakaa, na asiyependa tarakimu aruke aya mbili.

Novotná alishinda mataji 24 ya mchezaji mmoja mmoja na 76 ya wawili wawili. Jumla mataji 100. Kwenye mashindano manne makubwa peke yake alishinda mara 12 akiwa na mwenza wa kike na mara nne akiwa na mwenza wa kiume, Jim Pugh wa Marekani. Mwaka 1990, yeye na Helena Suková walichukua Australia, Ufaransa na Wimbledon kwa mkupuo, wakakwamia fainali ya Marekani. Pamoja na Suková huyohuyo alileta nyumbani medali mbili za fedha za Olimpiki, Seoul 1988 na Atlanta 1996, na kule Atlanta akaongeza shaba ya mchezaji mmoja mmoja. Mwaka 1988 pia alikuwa kwenye kikosi cha Chekoslovakia kilichotwaa Kombe la Shirikisho.

Lakini tazama wenza wake. Suková. Gigi Fernández. Arantxa Sánchez Vicario. Lindsay Davenport. Martina Hingis. Wanawake watano, na kwa kila mmoja wao alishinda angalau taji moja kubwa. Hao walikuwa wapinzani wake wa kila wiki. Walimjua kuliko mwandishi yeyote. Walikuwa wamesimama ng'ambo ya wavu wakiona mkono wake ukitetemeka na usipotetemeka. Sánchez Vicario na Hingis walikuwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa dunia wa wakati wao, na mabingwa wa namna hiyo hawakosi watu wa kucheza nao. Walisimama na yule tuliyemwita dhaifu. Ukitaka kujua fundi, waulize mafundi wenzake wanampa nani ashike ngazi wakipanda.

Na wavu ni uleule. Nyasi ni zilezile, fainali ni fainali, mpira wa pili wa kuanzisha unatisha vilevile, na safari hii ukiukosa umemwangusha na mwenzako. Kama moyo ulikuwa ndio tatizo, ungemponza huko pia. Tatizo ni kwamba sisi huko hatukutazama. Tenisi ya wawili wawili ni kama fidla kwenye taarabu. Ukumbi mzima unamtunza mwimbaji, noti zinabandikwa kwenye paji la uso wake, na aliyeubeba wimbo tangu mwanzo amekaa nyuma na fidla kidevuni, hata jina lake waalikwa hawalijui. Muondoe uone wimbo utakavyolala.

Wimbledon ya wachezaji mmoja mmoja alirudi kuitafuta. Mwaka 1997 alifika fainali tena na kumkuta Hingis mwenye miaka 16. Alishinda seti ya kwanza 6-2, akashindwa mbili zilizofuata 6-3, 6-3, huku misuli ya tumbo ikimsumbua. Mke wa Duke akamkabidhi sinia dogo kwa mara ya pili na, kama Novotná alivyosimulia baadaye, akamwambia mara ya tatu itakuwa yake.

Mwaka uliofuata alimtoa Venus Williams kwenye robo fainali. Kwenye nusu fainali akamtoa Hingis, 6-4, 6-4. Huyo Hingis alikuwa wakati huohuo mwenza wake kwenye wawili wawili: unamtoa mtu mashindanoni halafu unaenda naye uwanja mwingine kutafuta taji lingine. Walilipata, kwa seti ya tatu iliyokwenda hadi 8-6. Na Julai 4, 1998, Novotná alimshinda Nathalie Tauziat wa Ufaransa 6-4, 7-6 na kuchukua sinia kubwa. Alikuwa na miaka 29 na miezi tisa. Tangu tenisi ilipofunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa mwaka 1968, hakuna mwanamke aliyekuwa amepata taji lake la kwanza kubwa la mchezaji mmoja mmoja akiwa na umri huo. Rekodi hiyo ilidumu hadi Francesca Schiavone wa Italia alipoivunja mwaka 2010.

Sasa niseme tulichofanya sisi, maana hili ndilo lililonifanya niombe nafasi katika ukurasa huu. Mwaka 1998 nilikuwa nimepanda cheo; dawati la michezo lilikuwa langu. Siku ileile, Julai 4, kulikuwa na robo fainali mbili za Kombe la Dunia kule Ufaransa. Kroatia iliifunga Ujerumani 3-0. Uholanzi iliitoa Argentina kwa lile bao la Dennis Bergkamp, ambalo mtu akilitaja hadi leo wazee vijiweni huinua mguu wa kulia kuonyesha lilivyotulizwa. Ukurasa wote ulikwenda huko, na sitajifanya kwamba ningemwondoa Bergkamp. Lakini chini kabisa, upande wa kushoto, juu ya tangazo la matairi, kuna kihabari. Nimekipima kwa rula. Mistari minne. Hakina hata kichwa chake. Kimeanza na nukta nyeusi.

Nusu ukurasa aliposhindwa, mistari minne aliposhinda, na aliyepanga kurasa zote mbili ni mtu mmoja. Kijana hakuipata "yule aliyeshindwa" hewani. Tulimpimia kwa rula.

Novotná alistaafu mwaka 1999, akiwa amechuma zaidi ya dola milioni 11 kwa raketi, na mwaka 2005 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa tenisi kule Newport, Marekani. Hayo nayapita haraka. Kinachonivutia kilitokea mlangoni kwake.

Mwaka 2014 binti wa miaka 18 kutoka Brno, Barbora Krejčíková, alimaliza tenisi ya vijana na hakujua aelekee wapi. Alikwenda na mzazi nyumbani kwa Novotná, akiwa na barua mkononi, akabisha hodi. Sijui wangapi kati yetu tungefungua. Novotná alifungua, akasoma, akampima uwanjani, akamchukua. Alimfundisha hadi ugonjwa ulipomzidi. Krejčíková amesimulia kwamba karibu na mwisho mwalimu wake alimwambia afurahie mchezo na ajaribu kushinda taji moja kubwa.

Kwa miaka kadhaa Krejčíková naye aliandikwa kama mchezaji wa wawili wawili, kwa ile sauti ya kumwonea mtu huruma. Mwaka 2021 akashinda mashindano ya Ufaransa, peke yake na pia akiwa na mwenza wake, Kateřina Siniaková. Ni Paris ileile ya nafasi tisa. Na Julai 13, 2024, akashinda Wimbledon, akimfunga Jasmine Paolini wa Italia 6-2, 2-6, 6-4. Ndani ya jengo la uwanja mkuu kuna ubao wenye majina ya mabingwa. Walimpeleka kuonyeshwa jina lake linaloandikwa, na alipoliona la mwalimu wake kwenye mstari wa 1998, akalia.

Picha hiyo nayo ipo. Nilimtumia kijana wangu. Amesoma maelezo yote, kwa sababu zile alama mbili za buluu zimetokea, na baada ya dakika chache akaniuliza: "Mzee, niiweke mistari mingapi?" Nimemwachia aamue. Yeye ndiye mhariri.

Langu mimi ni dogo, na gazeti ambalo ningelipeleka limeshakufa siku nyingi. Kwa hiyo naomba lichapwe hapa, kwa herufi ndogo kama desturi.

*Masahihisho.* Katika toleo la Jumapili, Julai 4, 1993, ukurasa wa michezo, tuliandika kwamba Novotna alimlilia Malkia. Aliyekuwapo alikuwa mke wa Duke wa Kent. Malkia alikuwa hai na aliendelea kuwa hai hadi mwaka 2022. Mwandishi hakuwa ameiona mechi. Aidha, jina la mchezaji huandikwa Novotná, na alama juu ya *a* ya mwisho. Mtambo wetu wa kupanga herufi haukuwa nayo, na hakuna aliyeuliza.